Kijiti cha Mama Mwambani

Wiki iliyopita binti yangu alinieleza hesabu ya shuleni iitwayo derivative: kujua kitu kinabadilika kwa kasi gani papo hapo. Nikamkumbuka marehemu mama.

Siku moja utotoni mwangu, mimi na yeye tulikuwa tunaokota chaza mwambani, mwani ukinuka juani. Mama alichomeka majini kijiti chenye alama za kupimia maji yanavyojaa. Alama ya kwanza ilichelewa kuzama. Ya pili ilizama upesi.

"Twende," akasema.

"Maji yako vifundoni tu, mama."

"Sikuulizi yamefika wapi. Yanakimbia hayo."

Nililia kwa kukatishwa mchezo. Alinibeba, akaliacha kapu lake limejaa chaza. Tulipofika ufukweni, mwamba wote ulikuwa umezama. Mama aliketi mchangani akitetemeka. Nilidhani anasikia baridi, nikamfunika mabega kwa kanga.