Mkono Unao

Fundi Hiza wa Manundu, mjini Korogwe, alikuwa na neno lake, na lilimpendeza mno. Mtu akimletea pikipiki ya zamani yenye indiketa zinazogonga mzigo, Hiza hakujisumbua kuzisogeza. Alichukua spana, akazing'oa zote nne, akasema, "Indiketa ni urembo wa mabwana shamba. Wewe mkono unao." Yaani ukikata kona, nyoosha mkono. Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Mshambaa mfupi wa Mashewa, mikono yake haitakati hata Jumapili kanisani. Mtu kama huyo utamkasirikia vipi?

Lakini ulimi hauna mfupa. Miaka sita iliyopita alimwambia hivyo Lomayani, kijana wa Kimasai kutoka Kwedizinga. Baba yake alikuwa amemnunulia Honda ya mwaka themanini na mbili kwa bwana shamba mstaafu, pikipiki iliyotunzwa kama mtoto wa pekee, kila kitu chake ni kile kile cha kiwandani. Lomayani alitaka keria ya kubebea madumu ya maziwa. Madumu yakawa yanagonga indiketa za nyuma. Hiza akazing'oa, na za mbele nazo akazing'oa, eti zisibaki peke yake kama masikio ya punda. "Mkono unao," akamwambia. Kijana alicheka mpaka akashika ubavu, akaondoka anampungia mkono huo huo.

Mwezi wa tatu mwaka huu, saa nane mchana, Lomayani aligongwa na lori lililokuwa nyuma yake kwenye barabara kuu akikata kulia kuingia njia ya kwao. Mama yake, aliyekuwa amempakia nyuma, alitupwa majanini akapona. Dereva wa lori alisema hakujua kwamba pikipiki inakata. Habari zilimkuta Hiza akila. Akaweka kijiko chini. Hakumweleza mtu, hata mkewe Upendo. Tangu siku hiyo neno lake halikusikika tena, na wateja wakadhani fundi anaumwa. Kweli alikuwa anaumwa.

Halafu asubuhi moja ikasimama pikapu mbele ya karakana, Honda ile ile imelazwa nyuma. Wakashuka wanawake wawili: Naitoi, mama wa marehemu, na Resian, mjane wake.

"Takwenya, yeyo," Hiza akamwamkia mama kwa Kimasai chake cha mnadani.

"Iko," akajibu Naitoi. Hakupoteza muda. "Fundi, nataka hii itembee tena. Huyu mkwe wangu ndiye atapeleka maziwa. Lakini taa zake zile nne za pembeni zirudi. Zile zile alizokuja nazo."

"Yeyo, dukani zipo mpya, nzuri tu."

"Mpya sitaki. Nataka niwashiwe zile, nisimame nyuma, nizione kwa macho yangu. Nataka kujua, zingekuwepo siku ile, lori lingeziona au lisingeziona."

Hiza akaanza, "Lomayani alikuwa..." Resian akainamisha uso ghafla, na fundi akakumbuka: kwao jina la aliyekwenda halitajwi. Akaona aibu mpaka masikioni. "Mwenye pikipiki," akajisahihisha, "alikuwa mtu mwema kwangu."

"Tutarudi wiki ijayo," akasema Naitoi.

Kunyoosha usukani na kubadilisha rimu ilikuwa kazi ya siku mbili. Taa ndizo zilizompeleka mpaka Kerenge, kwa Kaleb, mkulima mwenye Honda ya aina hiyo, ambaye enzi zile Hiza alimpa zile indiketa bure, kama mtu anavyogawa mapapai. Kaleb alimletea boksi la mbao lililojaa indiketa za pikipiki zilizokufa zamani: zenye shingo ndefu, zenye shingo fupi, zenye kioo cha rangi ya chungwa na zilizopauka kama mchaichai.

"Utazijuaje zako?" Kaleb akauliza.

Hiza alizijua mara moja. Fundi mwenye adabu hufuata waya mpaka kwenye soketi, akaichomoa taratibu. Yeye siku ile alikuwa na haraka ya kuchekesha watu; alikata waya kwa koleo hapo hapo kwenye shingo. Akaokota moja, ya pili, ya tatu, kila moja ina kisiki cha waya kisichofika hata urefu wa ukucha. Amezitambua kwa uvivu wake mwenyewe. Ya nne, ya nyuma kulia, haikuwemo boksini. Ilikuwa kwenye pikipiki ya Kaleb, inafanya kazi.

Hiza akashindwa kuiomba. Kaleb akamtazama, akaingia ndani, akarudi na bisibisi na spana namba kumi. "Habari za Kwedizinga zilifika na huku," akasema, akaifungua mwenyewe.

Karakanani akaunga waya, akafunga flasha ya kuzikonyeza taa, akaijaribu kwa betri kuukuu ya volti sita. Taa ikawaka kwa unyonge, wekundu kidogo tu ndani ya kioo, na kwenye jua la mchana ukienda hatua kumi huioni. Hapo shetani akamkalia begani. Iache hivyo, akamwambia. Mama atasimama nyuma, hataona kitu, atasema kumbe hata zingekuwepo ni bure. Utalala usingizi. Hiza alikaa juu ya tairi muda mrefu, taa ile mkononi, na nasema kweli, alitaka sana kuiacha. Ndipo akamkumbuka Resian, kwamba naye atakata kona ile ile kila siku na maziwa yake. Akafungua kioo, akasugua bati la ndani kwa dawa ya meno mpaka likaonyesha sura yake, akaweka balbu mpya na betri mpya.

Wanawake walirudi kwenye saa nane. Kabla hawajakaa, Hiza akasema, "Yeyo, taa hizi nilizing'oa mimi."

"Najua," akasema Naitoi. "Alikuja nyumbani siku ile anatuchekesha. 'Fundi wa Korogwe anasema mkono ninao.' Tulicheka wote, hata baba yake." Akapangusa jicho kwa ncha ya shuka. "Siku ya lori nilikuwa na homa. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye mpini wa mafuta. Huu mwingine alinishika nao nisianguke, maana nilimwambia, mwanangu, usiniachie. Hakuniachia. Tangu siku ile nasema mimi ndiye niliyemuua."

Hiza akaelewa. Mikono yote miwili kijana aliyopewa na Mungu ilikuwa na kazi.

"Washa," akasema Naitoi.

Akatembea kurudi nyuma, hatua ishirini, thelathini, mpaka mahali ambapo lori lingekuwa, akageuka na kusimama juani. Hiza akasukuma swichi kwenda kulia. Flasha ikaanza kugonga, tik, tik, tik, na taa ya nyuma kulia ikawaka na kuzimika, rangi ya chungwa bivu, mchana kweupe.

"Inasema nini?" Naitoi akauliza kwa sauti kutoka kule.

"Inasema..." Hiza akapaza sauti. "Inasema nakata kulia, ningoje."

Naitoi aliitazama muda mrefu. Resian akamfuata, akasimama karibu naye.

"Mimi sijasoma, fundi," akasema yule mama. "Lakini hiyo nimeisoma."

Hiza akainamia tenki la Honda, akalia, kidole bado kiko kwenye swichi.