Vifungo Vinane vya Mchawi

Wiki ile nzima fundi wa lifti alikuwa ameshakata shauri: Jumamosi anakwenda kuaga. Hakuwa amegombana na mtu. Alikuwa amechoka tu kubeba upanga usiokata kitu kwa miaka sita, na mtu mzima akichoka na mchezo huaga vizuri, hasusi kama mtoto.

Kazini wanamwita Nati, kwa sababu nati hazikosi mfukoni mwake, na siku hizi hata kaka yake humwita hivyo. Mchezo wenyewe ni wa mezani. Mmoja, yaani Mwalimu, anasimulia: mmeingia pangoni, mlango umefungwa, nyuma yake kuna kitu kinakoroma. Wenzake watatu, kila mmoja na mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi, wanasema watafanya nini, kisha dadu zinaamua kama wamefaulu. Nati ni askari wa upanga. Mke wa Mwalimu, fundi cherehani, ambaye chumba ni chake na meza ni yake ya kukatia vitambaa, ni mwizi bingwa wa kufungua makufuli. Na kaka yake Nati, mfamasia, ni mchawi. Jirani aliwahi kupita dirishani akasikia mtu akisema, "Mwacheni mchawi alale, kesho ana kazi," na tangu siku hiyo suruali zake anashonesha mtaa wa pili.

Mchawi huyu ana mipaka yake. Anaruhusiwa kuroga mara nane kwa siku, na ili pasiwe na ubishi mfamasia hupanga mbele yake vifungo vinane vya koti. Akiroga mara moja, kifungo kimoja kinarudi kwenye kopo. Vikiisha vyote, hana analoweza mpaka kundi lilale na kupambazukiwa. Askari hahitaji kifungo, upanga wake unakata kutwa nzima. Ukiyasoma kwenye karatasi utasema hapa pana haki tupu.

Mezani ilikuwa habari nyingine. Mlango umefungwa? Kabla fundi cherehani hajatoa nyaya zake, kifungo kimoja, mlango wazi. Mto umefurika? Kifungo, wote wanapaa. Majambazi kumi na wawili wamewavamia? Kifungo, moto, majivu. Nati ndipo anapopewa zamu, arushe dadu ampige jambazi mmoja aliyebaki pembeni anakohoa. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amegeuka mfagizi wa majivu ya kaka yake.

Walijaribu kurekebisha. Mwalimu alitaka vifungo viwe vitano, mfamasia akavimba na kusema basi watafute mchawi mwingine. Mwalimu akaona heri amwongeze Nati, akampa upanga unaowaka moto. Nati alishukuru, ila moyoni aliona amepewa peremende ili anyamaze.

Angekuwa ameshaondoka zamani kama si huyo kaka. Mama yao alipougua, mfamasia alishika kila kitu: dawa, daktari, zamu za kukaa kando ya kitanda. Nati akinyoosha mkono anaambiwa, "Wewe kaa, nitafanya mimi." Mama alipofariki, kaka yuleyule akasimama mbele ya shangazi zao akasema mzigo wote ameubeba peke yake. Walinuniana miaka mitatu. Aliyewarudisha ni Mwalimu, aliyewafundisha wote wawili shuleni. Alimwalika kila mmoja kivyake bila kumwambia habari za mwenzake, na walipokutana mlangoni ikawa aibu kugeuka. Tangu hapo walizungumza Jumamosi, na Jumamosi tu, tena habari za majoka. Baba yao anaishi kwa mfamasia, na hata huko Nati ni mgeni, anakaribishwa chai, anaaga, anakwenda zake. Akiiacha meza hii hajui atabaki na mlango gani wa kumfikia ndugu yake.

Ijumaa, siku moja kabla ya hiyo safari ya kuaga, aliitwa kwenye jengo moja la ofisi lenye ghorofa tisa. Lifti ilikuwa inasimama katikati ya ghorofa ya nne na ya tano ikiwa na watu ndani. Nati alishakwenda mara tatu, kila mara saa mbili asubuhi, akakuta lifti inateleza kama haijawahi kukosea. Msimamizi wa jengo, mzee wa maneno machache, alimngoja pale chini.

"Fundi," akamwambia, "wewe unaipima ikiwa imetoka kulala. Ingoje uione ikiwa imechoka."

Maneno yalimchoma kidogo, maana miaka ishirini ya ufundi si mchezo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alipanda kwenye chumba cha mashine juu ya paa akakaa huko mchana kutwa, akihesabu safari na kugusa mota kwa kiganja. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Saa sita ikawa vuguvugu. Ilipofika saa tisa na nusu mkono haukai, na papo hapo lifti ikazima na makarani wawili ndani. Alipowatoa alirudi juu akafungua kifuniko: feni ya kupoza mota imekufa, mapanga yake hayazunguki. Asubuhi nani angejua?

Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho ya feni mpya alipoacha bisibisi na kuanza kucheka peke yake. Alikuwa amevikumbuka vile vifungo.

Kila Jumamosi, ikifika saa kumi na mbili jioni, fundi cherehani huitaka meza yake. Na Mwalimu, mtu asiyependa kuacha jambo likining'inia, miaka yote alifunga kwa maneno yaleyale: mnawasha moto, mnalala, kumepambazuka. Kwa hiyo kila Jumamosi mchawi alianza na vifungo vyake vyote vinane. Na katika saa tatu za mchezo, kwa maneno yao mengi, walipigana mapambano matatu, yakizidi sana manne. Vifungo vinane kwa mapambano manne, nani asingekuwa mfalme? Miaka sita walikuwa wakimpima mchawi asubuhi. Hakuna aliyefanya hila, ni saa ya ukutani tu na meza ya kukatia vitambaa.

Jumamosi hakuaga. Alimwomba Mwalimu kwamba jioni wakifunga, wasilale. Waache palepale walipofikia, na wiki ijayo waendelee na siku ileile. Akaeleza habari ya lifti na feni. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akasema amesahihisha mitihani miaka thelathini na hili limempita mbele ya pua. Mfamasia alicheka tu, akasema haya, na akatumia vifungo kama mazoea yake: kimoja kuwasha taa, kingine kumnyamazisha mbwa. Saa kumi na mbili walikuwa ndani ya machimbo yaliyoachwa, wanafukuzwa, na mbele yake vimebaki vifungo viwili. Mke wa Mwalimu alivifunga kwenye kitambaa, akachomeka pini.

Jumamosi iliyofuata kifungo cha kwanza kilikwenda hata robo saa haijaisha, kwa mlango, mkono wa fundi cherehani ukiwa ndiyo kwanza unaelekea kwenye nyaya. Alimtazama mfamasia kama anavyomtazama mteja aliyenenepa baada ya kupimwa. Cha pili kiliwavusha kwenye daraja lililokatika. Halafu waliowafukuza wakatokea, kumi, kwenye njia nyembamba, na mfamasia akatazama meza mbele yake akakuta chaki na futi kamba. Ilikuwa mara ya kwanza Nati kumwona kaka yake mikono haina kazi. Alidhani angefurahi, lakini kwa kweli alimwonea huruma.

"Sina kitu," mfamasia akasema polepole. Kisha akasema, "Nati, simama mbele yangu."

Nati akasimama, hata kwenye kigoda akainuka, ingawa mchezo haudai hivyo. Njia ni nyembamba, wanakuja mmoja mmoja. Dadu zilimgeuka mara mbili mfululizo, damu ya askari wake ikabaki tone moja kwenye karatasi, na bado akashikilia palepale. Nyuma yao fundi cherehani alikuwa amepiga magoti kwenye lango la chuma, anachokonoa kufuli kwa nyaya, analaani kwa sauti ya chini. Ilichukua karibu saa nzima na mtu hakuomba hata maji. Adui wa saba alipoanguka, lango likafunguka, wakatoka kwenye mwanga na kulifunga upande wa pili. Mwalimu akafuta jasho na kusema sasa wanaruhusiwa kulala. Wote wanne wakashusha pumzi kwa pamoja.

Nati alingoja kaka yake anune. Badala yake mfamasia alikuwa ameegemea ukuta, uso umelegea kama wa mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Kila mlango mnanitazama mimi," akasema. "Miaka sita."

"Wewe ndiye uliyekuwa unawahi, Kaka."

"Najua."

Hakuna aliyetaja mama, na hapakuwa na haja. Mke wa Mwalimu alianza kukusanya karatasi, maana saa ilikuwa imefika na meza ni meza yake. Mfamasia alihesabu vifungo vyake vinane kutoka kwenye kopo, vikafika kamili, halafu akavirudisha vyote bila kuvipanga.

"Jumatatu baba ana kliniki," akasema, macho kwenye kopo. "Nimechoka, mdogo wangu. Utampeleka wewe?"

Miaka tisa Nati alikuwa akilingoja swali hilo, na sasa limekuja. Kitu kilichokuwa kimemkaa kifuani tangu ule ugonjwa kilishuka chote kwa mara moja, mpaka akajisikia mwepesi.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili. Ila usisahau, kile kidonge cheupe ni kabla ya kula, kile cha njano ni baada, na daktari akianza kuuliza habari za presha umwambie..." Mfamasia akakatisha. Akalifunika kopo. "Baba mwenyewe atakuambia."