Flashi Iliyojaa Watu

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta mjini Kiritiri, nikingoja kuchapiwa barua, mzee mmoja akaingia na laptopu iliyofungwa kwa leso. Ilikuwa imekataa kuwaka. Fundi, mama wa makamo, alikuwa amemwambia kwa simu alete flashi ya kuwekea Windows ili aifufue.

Mzee akatoa flashi kwenye mfuko wa shati.

"Nikiiandaa hii, kila kitu kilicho ndani kitafutika," fundi akasema. "Kuna nini?"

"Kuna video ya mazishi ya mama watoto. Ndiyo mimi huangalia na hiyo mashine."

Fundi akaichomeka kwenye kompyuta yake ahakikishe. Tukaona hema, kwaya, foleni ya chakula. Mzee hakutazama jeneza. Kidole chake kilitembea kwenye nyuso za watu.

"Huyu ni kijana yangu. Huyu ni jirani. Siku hiyo tulikosa viti."

Fundi akaichomoa polepole, akamrudishia, kisha akatoa flashi yake mwenyewe kwenye droo.

"Nitatumia hii, mzee."

Mzee akashukuru, lakini hakuondoka.

"Sasa msichana wangu, unaweza kuikata hii video, iishie pale watu wanakula? Hapo mbele wanaanza kwenda."

Fundi akaichomeka tena, akaisogeza video mbele. Mimi, kwenye mazishi ya watu, huwa wa kwanza kunawa mikono na kutafuta gari. Nikaikodolea macho skrini, nikiomba nisiuone mgongo wangu kati ya wanaoondoka.