Kumtazama Mtoto Akila

Msichana alifika kwangu Suna mchana, nikiwa nimeshakula. Nilimkaribisha ndani, nikamnawisha mikono, nikamwekea ugali na samaki wa ngege aliyebaki. Hakugusa. Alikuwa ametoka Homa Bay kwa ajili ya swali moja, na swali lilikuwa limemkaa kooni, chakula hakingepita.

"Auntie," akasema, "nimeambiwa ni wewe ulikuwa unakuja kwetu Karungu kuniangalia nikiwa mdogo. Unakaa hapo unaandika. Sasa nimekuja kuuliza kitu moja tu. Ni kweli mama yangu hakuwa ananitaka?"

Nilimuuliza nani amemwambia hivyo. Akasema ni mke wa baba yake mdogo, mama aliyemlea mjini Homa Bay. Hakumwambia kwa ubaya. Alimwambia alichokiona alipokuwa akienda Karungu kumjulia hali mgonjwa: kila mara mtoto alipoletewa chakula, mama mzazi alimgeuzia mgongo, akabaki hivyo mpaka sahani iishe.

"Hiyo hata mtu hajasoma anaelewa," msichana akasema. Kisha akaweka mkono tumboni, nami nikaona kwamba ni mjamzito, tena wa miezi mingi. "Naogopa, Auntie. Naogopa hiyo kitu iko ndani yangu pia."

Nilishikwa na hasira, na si hasira juu yake, wala juu ya huyo mlezi wake. Hasira yangu ilikuwa juu ya ule mgongo. Mgongo huo niliuandika mimi kwa mkono wangu, majuma mengi, na katika wote waliosoma nilichoandika hakuna aliyeuliza mwenye mgongo alikuwa ameelekea wapi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi nyumbani kuchota maji kama ambaye hakusoma. Ndipo watafiti wa saikolojia wakaja wakitafuta vijana wa huku wanaojua Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza. Walitaka kujua jinsi mama na mtoto wanavyokaa pamoja wakati wa kula. Hawakutaka kuuliza maswali, kwa sababu, walisema, ukimuuliza mama anavyomlisha mwanawe atakujibu kile anachodhani unataka kusikia. Walitaka watu wa kwenda nyumbani, kukaa na kutazama.

Mafunzo yalifanyika Homa Bay, katika ukumbi uliokuwa na kuku wengi kuliko viti. Mtafiti mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyevaa miwani ya kamba shingoni. Tulimwita Madam. Siku ya kwanza alitutoa nje, akatuweka mbele ya kuku mwenye vifaranga, akasema tuandike tunachokiona. Mimi niliandika kwamba kuku amekasirika. Madam akacheka kwa upole, akaukata mstari wangu.

"Hasira umeiona wapi?" akaniuliza. "Uliona mbawa zimepanuka. Andika mbawa."

Nilijifunza kuandika mbawa. Nilijifunza kwamba mtazamaji hasemi, hasaidii, hacheki na mtoto, wala hali chakula cha nyumba anayoitazama, kwa sababu akifanya hivyo watu wataacha kuishi wanavyoishi na kuanza kuishi kwa ajili yake. Nilijifunza pia kwamba nyumba moja hutazamwa na watu wawili waliokaa mbalimbali, kila mmoja na fomu yake, ili baadaye zilinganishwe. Mwenzangu alikuwa mwalimu mstaafu wa Homa Bay, mtu wa kunyamaza kwa asili, ambaye nadhani kazi ile iliumbwa kwa ajili yake. Mimi sikuumbwa kwa kunyamaza. Lakini niliiheshimu kazi ile, na bado naiheshimu. Kuna watu huku kwetu waliozikwa na majina mabaya kwa sababu tu mtu aliona mbawa akasema hasira.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa Karungu, juu kidogo ya ziwa. Palikuwa na watu watatu: nyanya, mkwe wake aliyekuwa mgonjwa, na mtoto wa kike aliyekuwa ameanza kutembea vizuri na kusema maneno yake ya kwanza. Baba wa mtoto alikuwa ametangulia, na ugonjwa uliomchukua ndio uliokuwa ukimmaliza mkewe. Siku hizo ugonjwa huo haukutajwa jina. Mtu alikonda, mdomo na koo vikamjaa vidonda, majirani wakaanza kusalimia wakiwa nje ya ua.

Nyanya alitukaribisha vizuri mpaka aliposikia tumekuja kufanya nini. Hapo aliweka mwiko chini.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "mtu anayemtazama mtoto akila, na yeye mwenyewe hali, huyo anataka nini?"

Sikuwa na haja ya kufafanuliwa. Mimi ni wa huku. Mwenye jicho la namna hiyo twamwita jasihoho. Anakitazama chakula cha mwenzake kwa kukitamani, chakula kinaingia tumboni kinakataa kusagika, na mtoto analia akijipinda mpaka apelekwe kwa mjuzi wa kukitoa. Wengi husema jicho hilo ni la kurithi, kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Nyanya huyu alishikilia lake: alisema njaa yoyote yaweza kulizaa, hata ndani ya mtu mwema, hata ndani ya mtu anayekupenda. Tiba yake ni moja. Kula kwanza, ndipo utazame.

Tulimpelekea Madam habari hiyo tukidhani nyumba imetushinda. Alifikiri sana, kisha akakubali tule tonge moja kila mmoja kabla ya saa ya kutazama kuanza. Basi ikawa hivyo. Tulifika, tukapewa tonge kutoka sahani ya mtoto, tukameza huku nyanya akitukazia macho, kisha tukaenda kukaa, mimi karibu na mlango wa jikoni, mwalimu mstaafu upande wa ghala. Baada ya hapo nyanya hakutujali tena. Tukawa kama vinu vya uani.

Mama wa mtoto alilala kwenye mkeka kivulini. Alikuwa mrefu, na nadhani aliwahi kuwa mwanamke wa kugeuza shingo za watu sokoni, maana hata katika hali ile alijifunga kitambaa chake kwa madaha. Kabla ya chakula mtoto alimpanda kama kilima. Alimvuta masikio, akamwekea majani mdomoni, na mama akamwacha. Niliyaandika hayo yote.

Kisha chakula kililetwa, na hapo ndipo jambo lile lilipotokea, siku ya kwanza na siku zilizofuata. Mara tu mtoto alipoketi mbele ya sahani, mama aliweka viganja chini, akajisukuma polepole, akageukia ukuta. Ilimgharimu sana kugeuka. Mtoto alimwita, akalia, akamnyooshea tonge kwa nyuma, lakini yule mama hakugeuka. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku cha hilo: mama ampa mtoto mgongo. Nilitia alama. Mwalimu mstaafu naye, kule ghalani, alitia yake.

Baada ya majuma kadhaa tuliitwa Homa Bay kulinganisha fomu. Zetu zilikubaliana kuliko za nyumba nyingine zote, na Madam alifurahi. Alisema macho ya watu wawili yakiona kitu kimoja, tunaweza kukiamini. Kisha akaongeza, kwa huruma ya kweli, kwamba katika nyumba ile ya Karungu mama ameanza kujitenga na mtoto wake, na kwamba jambo hilo hutokea kwa wagonjwa.

Niliinua mkono. "Madam, yule mama hajitengi."

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona mgongo."

"Basi andika mgongo," akasema. "Hilo lingine ni moyo wako unaongea."

Nilikaa chini nimeudhika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa sawa. Sikuwa nimeona kitu kingine. Nilikuwa na wazo tu, tena wazo lililotokana na tonge lililonishuka kooni kila siku mbele ya nyanya. Mimi nilipewa ruhusa ya kutazama kwa sababu niliweza kumeza. Yule mama koo lake lilikuwa limefungwa na vidonda. Alikuwa akinyweshwa maji ya uji kwa kijiko, na hata hayo mengi yalirudi. Alikuwa na njaa kuliko mtu yeyote katika Karungu yote. Kwa sheria ya nyumba ile, jicho la hatari kuliko yote lilikuwa lake.

Lakini huwezi kutia alama kwenye wazo.

Tulirudi. Alizidi kudhoofika, na kugeuka kukawa kazi kubwa zaidi. Siku nyingine nyanya alimsaidia kwa kumshika bega, bila neno, na kutoka nilipokaa ungedhani anamsukuma mbali na mtoto. Mke wa shemeji yake, ndiye huyo mlezi wa msichana, alikuja kutoka Homa Bay mara kadhaa siku hizo. Alikuwa mwanamke wa kanisa, Msabato safi, ambaye kwake mambo ya jasihoho yalikuwa ya giza na hayatajwi. Aliuona mgongo, akamwona nyanya anashika bega, akatikisa kichwa. Macho hayana pazia. Alichukua alichokiona akaenda nacho.

Siku yetu ya mwisho pale ilikuwa siku ya kawaida. Nyanya alipika ugali na supu ya ngege. Tulikula tonge letu, tukaenda kukaa. Mtoto akaketi mbele ya sahani, nami nikaweka kalamu tayari kwenye kisanduku cha mgongo, kwa mazoea.

Hakugeuka. Alimwita nyanya kwa mkono, akaonyesha sahani ya mtoto. Nyanya alimtazama kwa muda, kisha akamega tonge dogo, akalilainisha kwenye supu, akamtia mdomoni.

Nimeona watu wakizaa na nimeona watu wakifa, lakini sijaona kazi kama ile. Alilizungusha mdomoni, macho yakamtoka, akashika koo lake kwa mikono miwili kama anayemkamata mwizi. Machozi yalimshuka bila sauti. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu ya tonge lile aliyajua yeye. Kule ghalani mwalimu mstaafu alikuwa amesimama, mtu ambaye hakuwahi kusimama wakati wa kazi. Nyanya aliacha kumlisha mtoto. Kisha likashuka. Tuliliona likishuka, maana shingo ilikuwa imebaki ngozi tu.

Akafungua mdomo, akamwonyesha nyanya kwamba hamna kitu, kama mtoto aliyekunywa dawa. Nyanya aliinamisha kichwa. Na yule mama akakaa vizuri, akamwelekea mwanawe, akamtazama.

Mtoto alishangaa. Hakuwa amezoea kuiona sura ile wakati wa kula. Alibaki na tonge hewani, akamtazama mama, akamtazama nyanya, kisha akaona hakuna ubaya, akaendelea kula. Mama hakutabasamu hata, nadhani uso wake ulikuwa unauma. Alitazama tu. Aliitazama ile mikono iliyojaa supu, yale mashavu, ule ulimi uliolamba sahani, na hakupepesa ila pale machozi yalipomlazimisha.

Fomu yangu ilikuwa na kisanduku: mama atazama. Nilitia alama moja. Kumeza hakukuwa na kisanduku, kwa sababu fomu ilihesabu kula kwa mtoto, si kwa mama. Baadaye Madam aliniambia, bila ubaya, kwamba tukio moja haliwezi kuitwa tabia. Mama alizikwa kabla mvua haijaanza. Nyanya naye hakukawia kumfuata, na mtoto akachukuliwa Homa Bay, kwa watu waliokuwa na habari ya mgongo peke yake.

Hayo ndiyo niliyomweleza msichana mezani kwangu, mwanzo hadi mwisho, pamoja na kuku wa Homa Bay, kwa sababu nilitaka ajue nimefunzwa kutosema nisichokiona. Nilimwambia: mimi nilikaa pale kuandika mbawa. Sikuandika hasira, na sasa sikwambii mapenzi. Nakwambia nilichokiona. Alimeza, ndipo akakutazama.

Alilia sana, akiwa amejishika tumbo. Sikumnyamazisha.

Mwishowe akauliza, "Aliniangalia mpaka nikamaliza?"

"Mpaka ukalamba sahani."

"Na ilikuwa inamuuma?"

"Ilimuuma sana, mwanangu."

Alipangusa uso kwa kiganja. Kisha akavuta ile sahani, ugali ukiwa umeshapoa, akamega, akaanza kula kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Homa Bay. Mimi nilikuwa nimeshakula, kwa hiyo nilimtazama mpaka akamaliza.