Mshumaa wa Kwanza Ulibaki Kama Ukucha

Kosa langu kubwa la utotoni nililifanya kwa rula. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikataka mishumaa minne ya Majilio ilingane. Sentensi hiyo nimeiandika mara sita, kila mara nikibadili neno, hadi nikagundua kwamba hiyo ndiyo tabia ileile iliyoniponza. Naiacha ilivyo.

Enzi zetu, na najua mtu wa miaka ishirini na saba hana haki sana ya kusema "enzi zetu", Majilio, zile wiki nne kabla ya Krismasi, hayakuhitaji kutangazwa. Waliokulia kwenye vigango vya Dodoma, vile vikanisa vya mbali na parokia, watanielewa. Desemba iliingia na joto la kukausha mate. Mashamba yalikuwa yamesafishwa, mbegu za uwele zimetengwa, na watu wazima walitazama mawingu ya mashariki kama wanaomtazama mgeni aliyeahidi kuja na hasemi saa. Padri alitufikia mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine baba yangu, aliyekuwa katekista, ndiye aliyeongoza ibada, na kila mwaka alisema, "Majilio ni kungoja." Sisi watoto tuliona hilo halina jipya. Tulingoja mvua ya kwanza ili tuokote kumbikumbi. Tulingoja wali wa Krismasi. Tulimngoja fundi cherehani, ambaye hakuwahi kumaliza nguo ya mtu kabla ya siku ya mkesha.

Shada la mishumaa la nyumbani kwetu mama alilitengeneza mwenyewe. Alikunja waya kuwa duara, akauzungushia matawi ya minyaa kutoka kwenye ua, maana mwanzoni mwa Desemba kwetu hakuna kingine chenye rangi ya kijani. "Ukishika minyaa usishike macho!" alinionya, na kila mwaka nilishika macho, nikashinda mchana nikilia kwa utomvu. Mishumaa ilikuwa ile myeupe ya dukani. Mitatu aliivalisha karatasi ya zambarau, na ule wa Jumapili ya tatu aliuvalisha karatasi ya pinki ya sabuni ya kuogea, hivyo wiki hiyo, ambayo kanisani huitwa ya furaha, ilinukia kama mtu aliyetoka bafuni.

Kila Jumapili tuliongeza mshumaa mmoja wa kuwasha. Kwa kuwa wa kwanza uliwashwa kila jioni kwa wiki zote nne, uliisha haraka kuliko mingine. Wa pili uliufuata, kisha wa tatu. Ilipofika Jumapili ya nne, shada lilionekana kama ngazi iliyovunjika. Lilinikera mno. Nilikuwa mtoto wa kupanga sahani kwa ukubwa na viatu kwa rangi, na Bibi, mama yake baba, aliniita Bwana Rula.

Mwaka ninaousema, mshumaa wa kwanza ulikuwa na kazi nyingine. Dada yangu Neema alikuwa amefunga ndoa bomani na kijana Mwislamu wa Kondoa aliyekuwa akileta ufuta sokoni Majengo. Baba alisema hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga huko. Katekista binti yake kaolewa bomani, watu wasemeje? Kisha habari zikaja kwamba Neema amejifungua mtoto wa kike.  Jumapili ya kwanza ya Majilio, kiberiti kikiwa mkononi, mama akasema, "Baba Neema, mshumaa huu ukiisha, naenda Kondoa kumwona mjukuu wangu."

Baba aliutazama ule mshumaa mrefu, mpya. "Sawa. Ukiisha kabla ya Krismasi, nenda. Usipoisha, neno hilo nisilisikie tena."

"Nimesikia," Bibi akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Shahidi ni mimi. Na nikiwa hai nakwenda naye. Macho yangu haya hayana Majilio mengi."

Vita ikaanza hapo. Bibi, ambaye sala zake zilikuwa fupi siku zote, ghafla akawa na maombi yasiyoisha. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, marehemu wote kwa majina, akahamia kwenye mbuzi. Magoti yalituuma. Baba naye, "Amina" ikitoka tu, alikuwa ameshaupuliza. Bibi alifungua dirisha ili upepo uuchezee moto, nta ichuruzike. Baba aliinuka akalifunga.

"Mama, upepo unazima mshumaa."

"Joto, mwanangu. Au unataka nife kwa joto ndani ya Majilio?"

Mama alificha uso kwenye kitenge akicheka. Sijawahi tena kuona watu wazima wakigombana kwa furaha kama ile. Nadhani hata baba alitaka kushindwa. Alitaka tu ashindwe kwa kanuni, ili akiulizwa aseme ni mshumaa.

Wiki ya mwisho, zamu ya kupokea jumuiya, majirani tuliosali nao nyumba kwa nyumba, iliangukia kwetu. Wakati huo mshumaa wa kwanza ulikuwa umebaki kama ukucha. "Jioni moja," Bibi alininong'oneza, "labda mbili. Nimeshakunja nguo zangu."

Alasiri ile mama alikwenda kuazima viti, na baba na Bibi walikuwa uani. Niliachwa niangalie chai jikoni. Niliwaza majirani wote wakiingia na kuona shada la nyumba ya katekista limepinda. Kuhusu Kondoa sikuwaza hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba mkataba niliujua na haukunijia kichwani. Nilichukua mshumaa mpya kwenye boksi, nikaukata na mingine kwa kisu cha moto, nikapima kwa rula ya shule mpaka yote minne ikalingana. Kile kipande cha ukucha cha mshumaa wa kwanza nikakitupa mafigani. Moto uliruka, ukawa wa njano, nikautazama mpaka utambi ukaisha kabisa.

Wageni walisifu. "Shada zuri! Nani kalipanga?" Niliinua mkono. Mama alilitazama, akanitazama mimi, kisha akaendelea kugawa vikombe. Bibi, aliyekuwa anaanzisha wimbo, aliacha katikati, wengine wakaudaka.

Wageni walipoondoka, baba alisema polepole, "Haujaisha huu."

"Ulibaki kama ukucha!" Bibi akasema.

"Ukucha si kuisha, Mama. Kipande kiletwe kiwashwe. Kikiisha, nitawasindikiza mimi mwenyewe stendi." Akanigeukia. "Kiko wapi?"

Ningesema kweli, ningesema kimeungua chote, nimekiona kikiisha, basi la asubuhi lingewachukua. Sikuhitaji hata kutetewa. Lakini nilikuwa nimetoka kusifiwa dakika chache tu zilizopita, na sikujua namna ya kuwa mtu aliyekosea.

"Nilikiweka dirishani," nikasema.

Asubuhi nilimkuta Bibi nje, chini ya dirisha, amejikunja, anapekua mchanga kwa kijiti. "Bwana Rula, njoo uniangalizie wewe mwenye macho," akasema. Nikaenda. Nilipekua naye mchanga mpaka jua likawa kali, nikitafuta kitu nilichokichoma kwa mkono wangu. Mama alitafuta nyuma ya makabati. Baba alisema labda panya, na nikimkumbuka naona hakusema kama mtu aliyeshinda. Lakini alikuwa ameshatoa neno lake, na mama hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Usiku ule alinitandikia, akasema, "Ulilipanga vizuri, mwanangu." Heri angenichapa.

Krismasi ikapita. Mvua ilikuwa nzuri mwaka ule. Mwezi wa pili, uwele ukiwa umefika magotini, Bibi alishikwa na homa ya siku nne, akafariki. Kwa miezi miwili nililala chumba kimoja naye na sikumwambia. Kila jioni nilipanga maneno, nikayaona hayajakaa sawa, nikasema kesho nitayapanga vizuri zaidi.

Neema alikuja kwenye mazishi, akasimama nyuma kabisa, mtoto mgongoni. Baba alipita katikati ya watu wote, majirani wanatazama, akamfungua yule mtoto kwenye kanga na kumbeba hadi kaburini.  Jina la mtoto ni Rehema, na Bibi hakuwahi kumshika.

Leo Rehema ana miaka kumi na sita na kila likizo ya Desemba yuko kwa babu yake. Watoto wa siku hizi wana Majilio kwenye simu. Unabonyeza, mshumaa unawaka, hautoi nta, haumuunguzi mtu, na haumalizi chochote ila chaji. Tukimsimulia habari za magoti kuuma, anauliza, "Mjomba, mlikuwa hamna umeme au mlikuwa hamna kazi?" Mimi nimepanga chumba karibu na Chimwaga, najifunza kuandika peke yangu, nafuta kuliko ninavyoandika, na Majilio mengi nimeyapitisha hapo bila kuwasha hata njiti.

Mwaka jana nilirudi nyumbani Jumapili ya nne. Rehema alikuwa anataka kupiga picha shada, minyaa ileile, karatasi ileile. Akaguna, akamgeukia mama yangu. "Bibi, huu wa kwanza umekwisha vibaya. Nikate hii mingine ilingane nao? Itapendeza."

"Usikate," nikasema, kwa sauti iliyowashtua wote.

Nikawaambia. Sikupanga maneno, yalitoka hovyo, nikarudia mengine. Habari za mafiga, za dirisha, za Bibi na kijiti chake. Mama alikuwa anachambua karanga kwenye ungo, mikono ikasimama.

"Kumbe uliisha," akasema.

 Magoti ya baba sasa yanamsumbua, kuinuka ni kazi. Aliinuka, akashika ukuta, akaenda kulifungua dirisha. Upepo wa mvua ukaingia, moto wa ule mshumaa mfupi ukalala upande, nta ikaanza kuchuruzika juu ya minyaa. Hakuna aliyelifunga.

Baba hafungi tena dirisha wakati wa sala. Mimi mishumaa silinganishi, na nikikosea nasema siku hiyohiyo, hata kwa maneno mabaya.