Koti la Njombe na Mkanda wa Bibi

Sie tuliokulia Mwananyamala enzi za kamera za mkanda tulijua kusubiri. Ukipigwa picha leo unaweza kuiona baada ya miezi, kwa sababu mkanda hautolewi kwenye kamera mpaka uishe, na nyumbani kwetu haukuwa unaisha kirahisi. Baba alikuwa mwalimu, na kamera yake aliinunua kwa kazi ya kupiga wanafunzi picha za vitambulisho. Ukimwomba akupige moja ya bure anakuangalia juu mpaka chini, kisha anasema, "Kapake mafuta miguuni kwanza." Ukirudi unang'aa, kamera imeshafungiwa kabatini.

Bibi mzaa mama alikuja kwetu kutoka Songea kutibiwa macho. Alikuwa hapendi kamera hata kidogo. Ukiielekeza kwake anajifunika kitenge usoni. Lakini macho yalipopona, siku moja kabla ya kurudi kwao, alijiletea mwenyewe kiti uani akakaa. "Mie nimeshaziona sura zenu vizuri," alisema. "Basi na nyie bakini na yangu." Baba akampiga picha moja. Mama alisimama nyuma ya Baba akicheka kwa furaha, akinuka vitunguu vya mchuzi aliouacha jikoni.

Haikupita muda mrefu, Bibi akafariki. Mama alirudi kutoka msibani amekonda, akatuambia kwamba kule walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, wakakosa. Hakukuwa na hata moja. Iliyokuwepo ilikuwa ndani ya kamera, kabatini kwetu.

Sasa hapo ndipo utamjua baba yangu. Pamoja na huzuni yote iliyokuwa ndani ya nyumba ile, hakuweza kutoa mkanda ambao haujaisha. Alitusimamisha mimi na wadogo zangu ukutani, tumenuna na macho mekundu, akatupiga mmoja mmoja mpaka mkanda ukakataa kusogea. Ndipo akautoa kwa amani.

Kuupeleka studio Mama alikataa katakata. Studio moja iliwahi kuunguza mkanda wa harusi ya shangazi, wakaishia kuomba radhi. "Mama yangu hapelekwi kwa watu," alisema. "Baba Neema, wewe si umesema siku zote unaweza kusafisha picha? Haya, safisha."

Kwa hiyo tukaenda Mwenge, mimi na Baba, kwa Mzee Mponda, mpiga picha aliyekuwa anafunga studio yake na kuuza vyombo. Alituwekea mezani matangi mawili ya kusafishia mkanda, kila moja na rili lake, yaani kile kigurudumu ambacho mkanda unazungushwa humo ili dawa ifike kila upande. Moja lilikuwa la plastiki nyeusi, la pili la chuma, dogo, linang'aa utadhani la kupikia uji wa mtoto.

"Mwalimu, la plastiki ukilizungusha linavuta mkanda lenyewe," Mzee Mponda alieleza. "Ila lina deko, halitaki unyevu. La chuma halijali jasho, lakini mpaka mkono ulizoee."

"Nipe linalojivuta, Mzee wangu. Mie ndio kwanza najifunza," Baba akasema.

Mkanda lazima uingizwe kwenye rili gizani kabisa, na nyumba yetu haikuwa na chumba cha giza. Baba alikuwa na koti zito la baridi alilokuja nalo kutoka Njombe, ambalo Dar lilikuwa halina kazi yoyote. Jumapili baada ya ibada alililaza mezani, akaweka kila kitu ndani yake, akalifunga vifungo, akakunja shingo na pindo, kisha akaingiza mikono kupitia mikono ya koti. Ungedhani anamkanda mgonjwa tumbo.

Ilikuwa saa nane mchana, joto limeshika, na mikono ya mtu wa Njombe imo ndani ya sufi. Tulimwona anazungusha, anazungusha, halafu akasimama. Jasho likamtiririka mpaka kidevuni.

"Limegoma," alisema polepole.

"Nini kimegoma?" Mama akauliza.

Rili lilikuwa limeloa jasho na mkanda umekwama katikati, hauendi wala haurudi. Kuutoa nje ni kuuchoma kwa mwanga. Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na mimi nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku ya taarifa ya msiba. Mwishowe Baba alijaza mkanda wote ndani ya tangi hivyo hivyo, umejikunja ovyo, akafunga kifuniko, ndipo akatoa mikono. Tangi likakaa juu ya kabati, na tukakatazwa hata kucheza mpira karibu na nyumba.

Kesho yake alirudi Mwenge akanunua na lile la chuma. Mama akasema ataingiza mkanda yeye. Wiki nzima alikaa sebuleni amefumba macho, akijifunza kwa mkanda mbovu, Baba akimwelekeza, "Bana kidogo, usilazimishe." Jumamosi alfajiri, kukiwa na ubaridi, matangi yote mawili yakafungiwa ndani ya lile koti, Mama akaingiza mikono yake. Tukasikia mkanda ukikwaruza taratibu, kisha kifuniko kikafungwa.

Baba akamimina dawa, akatikisa, akamwaga, akasuuza. Alipouinua mkanda dirishani nilimwona Bibi kabla yao. Kwenye negativu mambo hugeuka, kwa hiyo mvi zake zilikuwa nyeusi tii, kama za msichana. Alama za kucha na mikunjo yote ilikuwa imeangukia picha zetu za ukutani. Yeye alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo. Mama alikaa sakafuni akalia na kucheka kwa pamoja, na Baba akaenda bafuni kuoga, akakaa huko muda mrefu. Nyumba nzima ikapumua.

Wanangu leo wanajipiga wamebinua midomo, mia kwa siku, mpaka simu inalalamika imejaa. Juzi binti yangu alimpiga bibi yake, yaani mama yangu, akaitazama picha, akaifuta. "Bibi umefumba macho," alisema. Nilishtuka, nikafungua mdomo kumgombeza. Lakini Mama alikuwa bado amekaa pale pale kwenye kiti, anaweka sawa kitenge chake, anasubiri apigwe nyingine. Nikafunga mdomo wangu, nikashukuru.