Gari Jekundu la Jumapili

Moshi wa jenereta una harufu yake, na mimi hadi leo nikiunusa popote mate hunijaa kinywani kama mtu aliyepita mlangoni mwa pilau. Jenereta la Sudi lilikaa nyuma ya ukumbi wake wa video, hapo Mpanda mjini, miaka ya tisini, na lilinguruma kiasi kwamba kuku wa mtaa mzima waligoma kutaga siku za Jumapili. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha tofali za udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mninga mazito kuliko dhambi, na televisheni ndogo imefungiwa ndani ya nondo utadhani ni simba aliyekamatwa porini. Watu tuliojazana humo, nakuapia, tungejaza treni ya Tabora na wengine wakabaki stesheni wakilia.

Kanda iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya ngumi za zamani. Sudi aliachiwa na mzungu mmoja mchimba visima alipohama, naye alikuwa ameirekodi kwao Marekani kutoka kwenye televisheni, ngumi pamoja na matangazo yake ya biashara. Mabondia wakienda kupumzika, linatokea gari jekundu, boneti refu kama jeneza la tajiri, matairi yanafuka moshi, linachana barabara ya jangwani huku mwanaume mwenye sauti nzito akiongea Kiingereza ambacho hapakuwa na wa kukielewa. Hatukujua kuwa ni tangazo. Kwetu sisi ilikuwa filamu ya pili, yenye kuoneshwa kidogo kidogo ili mabondia wapate pumzi. Kila raundi lilirudi lilelile, na bado watu wazima na ndevu zao walibishana kwamba leo limefika mbele kuliko Jumapili iliyopita.

Baba yangu ndiye aliyekuwa dereva wa gari hilo. Zamani aliendesha lori la tumbaku, mpaka siku breki zilipomkataa kwenye mteremko wa barabara ya Karema. Lori likaviringika, na miguu yake yote miwili ikafa kuanzia kiunoni. Nyumbani aliacha kuongea. Mama alimsemesha, akajibiwa na ukuta. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini kila Jumapili mchana kaka zangu walimpakia kwenye baiskeli hadi kwa Sudi, wakamkalisha benchi la mbele, nami nikakaa kushotoni kwake, kwa sababu goti langu ndilo lilikuwa gia. Kengele ikilia tu, mkono wake wa kushoto unatua gotini, mdomo unanguruma, na ukumbi mzima unageuka abiria.

"Dereva! Leo tunalala wapi?" Sudi alimuuliza kutoka mlangoni.

"Sumbawanga. Ila nyie wa nyuma shikeni mabenchi vizuri, huyu mzungu hajawahi kuziona kona za Kibaoni."

"Punguza mwendo, mzee, nina mimba!" alipayuka kijana mmoja mwenye kitambi, na ukumbi ukaangua kicheko hadi vumbi likadondoka darini.

Basi tuliishi kwa sekunde zile. Mama alianza kupika mapema siku za Jumapili, maana baba alirudi na njaa na maneno, akaongea hadi kibatari kinazimwa. Kanda za wakati ule zilikuwa na kijipande cha plastiki mgongoni. Ukikivunja, kanda hairekodiki tena. Sudi alikivunja mbele ya baba, kama mtu anayekula kiapo, akasema, "Hili gari lako, Dereva. Halifutwi mpaka tufe."

Masika yakaja, yakala reli. Treni haikufika, madukani hakukuwa na kanda tupu hata ya dawa, na mdogo wake Sudi alikuwa anaoa. Mpiga video kanda zilimwishia kabla bwana harusi hajafika. Kumbe lile tundu la kiapo ukilibandika plasta ya kidonda, mashine inadanganyika na kurekodi kama kawaida. Wakabandika. Sudi alijua, na sikumlaumu sana hata baadaye. Ni nani angeacha harusi ya ndugu yake ipite bila picha kwa ajili ya gari la Marekani? Baba alikuwa mgeni wa heshima. Alikula, alicheka, alipunga mkono kila kamera ilipomgeukia.

Jumapili iliyofuata tukaenda kama kawaida. Ngumi zikaanza, kengele ikalia, mkono wa baba ukatua gotini kwangu. Picha ikakwaruza, na badala ya jangwa ukatokea uwanja wa nyumba ya kina Sudi. Wanaume wawili walikuwa wanavuka uwanja wamebeba mtu, mmoja kwapani, mwingine chini ya mapaja, na miguu ya mtu yule inaning'inia, inagongana kama mahindi yaliyofungwa kamba. Mtu anacheka, anapunga mkono. Alikuwa baba. Tangu ajali hakuwahi kujiona anavyobebwa. Nyumbani kioo chetu kilikuwa cha kunyolea ndevu tu. Mkono ukaondoka gotini kwangu polepole.

"Dereva, samahani, treni ndiyo…" Sudi alianza.

"Nirudisheni nyumbani," baba alisema. Kisha, kaka zangu walipoinama kumbeba, "Ngojeni kwanza watu watoke."

Hakwenda tena. Alikufa kabla ya mavuno, na daktari alitaja ugonjwa ambao sikuukariri.

Leo lami imefika, umeme haungurumi, na mimi niliyesoma shule ya jioni hadi taa za darasa zikanijua kwa jina nakielewa Kiingereza cha yule mwanaume mwenye sauti nzito. Mtandaoni wapo wapenzi wa magari yale ya nguvu, maelfu kwa maelfu, wanawekeana matangazo ya zamani na kulia kwamba maisha yalikuwa matamu. Gari letu wanalo. Safi kabisa, rangi imekolea. Nimelitazama mara nyingi nikijaribu kumkumbuka baba anavyonguruma, mkono gotini, shingo imenyooka. Haji. Anayekuja ni yule wa uwanjani, anayepunga mkono, na kila nikifumba macho kumkimbia, wale wanaume wawili bado wanaye, hawajamfikisha kwenye kiti.